Wazee warudi dimbani Mombasa, lakini uwanja ni wa nani?

*Wanaume wa makamo wa Kisiwani na Mji wa Kale wanaurudia mpira walioutupa ujanani. Utafiti unawaunga mkono, kano za miguu zinalalamika, na mahali pa kuchezea panazidi kuadimika.*

Mchezaji ameusoma mpira mapema. Pasi ndefu inatoka upande wa kulia, anachomoka kuifuata, na kwenye hatua ya tatu anahisi teke zito nyuma ya kisigino. Anageuka kwa hasira kumtafuta aliyemchezea rafu. Nyuma yake hakuna mtu. Beki wa karibu yuko hatua kumi, mikono kiunoni, anatafuta pumzi.

Hakupigwa na mtu. Kano ya kisigino imekatika, ule mshipi mnene unaounganisha shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Madaktari wa mifupa wanakifahamu kisa hiki vizuri, kwa kuwa wagonjwa wao hukisimulia kwa namna moja: kila mmoja alidhani amepigwa teke. Na mgonjwa wa kawaida si kijana wa timu ya ligi. Ni mwanamume wa kati ya miaka 30 na 50, anayeshinda kitini au nyuma ya usukani wiki nzima, kisha siku moja anaingia uwanjani na kasi aliyokuwa nayo akiwa na miaka 22.

Wanaume wa umri huo hawakosekani viwanjani Mombasa siku za mapumziko. Baada ya sala ya alasiri utawaona wakitoka mitaa ya Kibokoni, Kuze na Bondeni, njumu zimening'inia mkononi, jezi ya zamani imeanza kubana tumboni, wakielekea Serani au uwanja wowote utakaowapokea jioni hiyo. Wengi waliacha mpira miaka 15 au 20 iliyopita. Sasa wameurudia, na wameurudia kwa moyo wote.

Wana haki ya kurudi. Tena kurudi kwao kuna faida kubwa kwa mji kuliko unavyodhani ukiwaona wakibishania kona. Ila mtu mzima anayerudi uwanjani anahitaji vitu viwili: mwili ulioandaliwa, na uwanja wenyewe. Cha kwanza kiko mikononi mwake. Cha pili kiko mikononi mwa wengine.

Mji uliokulia kwenye mpira

Mpira si mgeni Mombasa. Mombasa Sports Club ilianzishwa mwaka 1896, mwaka uleule reli ya Uganda ilipoanza kutandikwa kutoka kisiwani, ingawa enzi hizo ilikuwa klabu ya Wazungu. Ligi ya taifa ya Kenya ilianza 1963, na baada ya miaka miwili tu, 1965, ubingwa ulishuka Pwani mikononi mwa Feisal FC ya Mombasa. Wapo wazee mjini ambao hadi leo ukitaja Feisal wanaacha walichokuwa wakifanya na kukaa sawasawa.

Siku hizi jina kubwa ni Bandari FC, timu ya mamlaka ya bandari iliyo na makao Mbaraki, iliyotwaa ngao ya shirikisho mwaka 2015 na tena 2019.

Lakini ligi na ngao ni sehemu ndogo ya hadithi. Mji wa Kale hauna uwanja wa kandanda ndani yake. Nyumba za mawe zimebanana, na vichochoro vinavyoiacha barabara ya Ndia Kuu kuteremkia baharini ni vyembamba kiasi cha watu wawili kupishana kwa ubavu. Humo ndimo vizazi vilifunzwa mpira: gozi la karatasi na nailoni lililofungwa kwa kamba, goli la kandambili mbili, na ukuta wa jirani ukiwa mchezaji wa ziada. Mtoto wa kichochoroni alijifunza kugusa mara moja na kuachia, maana hakukuwa na pa kukimbilia. Alijifunza pia kuutuliza mpira usigonge mlango wa bibi mwenye hasira.

Watazame wazee wa leo kwa makini na utaona elimu hiyo bado ipo miguuni. Mpira unakuja juu, mtu wa miaka 47 anaupokea kwa ndani ya mguu, unakufa palepale, na kabla beki hajafika umeshatolewa kwa upande wa nje wa kiatu. Mguso haukuzeeka. Kilichoondoka ni pumzi na zile hatua tatu za kwanza.

Sababu za kuacha zinafanana. Mmoja aliajiriwa bandarini kwa zamu za usiku. Mwingine alikwenda Ghuba kutafuta riziki, Dubai au Doha au Muscat, akarudi na watoto wakubwa. Wengine walioa, wakafungua duka, na Jumamosi ikawa siku ya hesabu. Kuna waliovunjika goti wakaambiwa basi.

Sababu za kurudi nazo hazitofautiani sana. Mtoto ameanza kucheza na anataka baba amtazame, na baba hawezi kutazama tu. Wenzake wa barazani wameunda timu. Au daktari ameifunga mashine ya presha mkononi, akaiangalia namba, kisha akamwangalia yeye.

Namba za daktari

Namba hizo ndizo zinazolifanya suala hili kuwa zito. Utafiti wa kitaifa wa Kenya kuhusu maradhi yasiyoambukiza, uliofanywa mwaka 2015 kwa watu wa miaka 18 hadi 69, uligundua kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la damu la juu. Zaidi ya nusu ya watu wazima, asilimia 56, walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Na kati ya wenye shinikizo, walio wengi mno hawakuwa wakitumia dawa yoyote.

Hakuna mtaa wa Mombasa usiolijua jambo hili. Presha, sukari na kiharusi ni mazungumzo ya kila matanga.

> Mwaka 2015, karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la damu la juu. Zaidi ya nusu walikuwa hawajawahi kupimwa.

Je, mpira unaweza kusaidia? Jibu zuri kuliko yote limetoka Denmark. Huko Copenhagen, watafiti Peter Krustrup na Jens Bangsbo walichunguza kwa miaka mingi kinachotokea mtu asiyefanya mazoezi anapoanza kucheza mpira wa kujifurahisha. Katika utafiti mmoja uliochapishwa 2013, wanaume wa miaka 31 hadi 54 wenye presha ya kiasi walicheza mara mbili kwa wiki, saa moja kila mara, kwa miezi sita. Wastani wa presha yao ulishuka kutoka 151 kwa 92 hadi 139 kwa 84. Wenzao waliopewa ushauri wa daktari pekee hawakufikia mafanikio hayo.

Soma tena kipimo cha mazoezi yenyewe: saa moja, mara mbili kwa wiki. Hakuna aliyejiunga na klabu ya ligi. Walicheza katika viwanja vidogo, watu wachache kila upande, mpira unaokwenda na kurudi bila kusimama. Kwa maneno mengine, walicheza mpira wa kichochoroni.

Siri yake ni mchanganyiko. Katika dakika kumi za mchezo mdogo mtu hutembea, hukimbia polepole, huchomoka, husimama ghafla, hugeuka, huruka. Moyo hupanda na kushuka mara nyingi, na misuli na mifupa hupata mzigo ambao kutembea peke yake hakuwezi kuutoa. Halafu kuna jambo lisilopimwa kwa mashine: anayecheza na wenzake husahau kwamba anafanya mazoezi. Anayekimbia peke yake barabara ya Mama Ngina huhesabu kila dakika.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya kiasi kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au makali kwa dakika 75 hadi 150. Mechi mbili za jioni zinalilipa deni hilo.

Mwili unapokataa

Sasa turudi kwa yule aliyegeuka asimwone mtu.

Kano hupoteza unyumbufu wake umri unavyosonga, na hupona polepole kuliko misuli. Mtu akikaa miaka 15 bila kuchomoka, kano yake imesahau kazi hiyo, hata kama akili inaikumbuka. Ndiyo maana jeraha baya la anayerudi hutokea mara nyingi katika majuma ya mwanzo, wakati furaha imezidi maandalizi. Baada ya kisigino huja misuli ya nyuma ya paja, kisha goti lile la zamani.

Dawa inayotajwa kila mahali ni kupasha mwili moto. FIFA ina mpango wake, unaojulikana kama 11+, wenye mazoezi 15 yanayochukua takriban dakika 20: kukimbia polepole, kujenga nguvu za miguu na kiuno, kuruka na kutua kwa usawa. Utafiti uliofanywa Norway na kuchapishwa 2008 ulionyesha kwamba wasichana walioufuata walipungukiwa majeraha kwa karibu thuluthi moja.

Hapo ndipo wazee wengi husimama, wakaona wamepata kinga. Lakini Wajerumani waliujaribu mpango huohuo kwa wachezaji wa zaidi ya miaka 32, na matokeo yaliyochapishwa 2015 hayakupendeza: kwa jumla majeraha hayakupungua kwa kiwango cha kuridhisha. Watafiti walinyooshea kidole mazoezi yenyewe kuwa machache, maana timu hizo zilikutana kwa nadra. Kwa mzee wa Mombasa maana yake ni nyepesi kueleza na ngumu kutekeleza: dakika 20 za Jumamosi hazitoshi. Miguu inataka kazi katikati ya wiki, hata nyumbani.

Kazi hiyo haihitaji ukumbi wa mazoezi. Simama kwenye ngazi, vidole juu ya kidato na visigino vikiwa hewani, inuka, kisha jishushe polepole. Hilo ni la kano ya kisigino. Kwa paja, piga magoti kwenye mkeka, mwenzako akushike vifundo vya miguu, kisha uuachie mwili uinamie mbele taratibu huku ukiuzuia kwa misuli ya nyuma ya paja mpaka ushindwe. Zoezi hilo la pili limethibitishwa kupunguza majeraha ya paja kwa karibu nusu. Siku ya kwanza litakuchosha kuliko mechi nzima.

Baada ya kisigino na paja, kuna moyo. Kwa wachezaji wa chini ya miaka 35, vifo vya ghafla uwanjani husababishwa zaidi na kasoro za kuzaliwa nazo. Juu ya umri huo, sababu kubwa ni mishipa ya moyo iliyoziba. Huyu ndiye mtu anayerudi: ana miaka 45, pengine anavuta sigara, hajapimwa presha, na leo anataka kumshinda mpwa wake kwa mbio. Kupimwa presha na sukari kabla ya mechi ya kwanza ni jambo la asubuhi moja katika kituo cha afya. Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu anapokazana hana mjadala, aende hospitali kabla ya kwenda uwanjani.

Dunia nzima iliona tarehe 12 Juni 2021, tena Copenhagen, Christian Eriksen alipoanguka Denmark ikicheza na Finland. Alikuwa na miaka 29, amezungukwa na madaktari. Kilichomwokoa ni mikono iliyomkandamiza kifua mara moja na mashine ya kuustua moyo iliyokuwa jirani. Miezi minane baadaye alikuwa amerudi kucheza, safari hiyo kwa Brentford ya Uingereza.

Katika viwanja vya wazee Mombasa si rahisi kuikuta mashine hiyo. Mikono ipo. Kukandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike, ni ujuzi unaofundishika alasiri moja. Kila kikundi cha wazee kingetakiwa kuwa na watu watatu au wanne wanaoujua. Vikundi hivi huchangishana jezi, vinachangia harusi na matanga ya wenzao. Kuchangia mafunzo ya huduma ya kwanza hakungevishinda.

> Kilichomwokoa Eriksen ni mikono iliyowahi. Ujuzi huo unafundishika alasiri moja.

Na kuna joto. Kati ya Januari na Machi, kaskazi ikivuma, Mombasa hufika nyuzi 32 au 33 mchana, na unyevu wa bahari huzuia jasho kukauka mwilini. Saa nane mchana si wakati wa mtu wa makamo kukimbizana. Wenye busara huchagua alfajiri mara baada ya sala, au ule muda mfupi kati ya alasiri na magharibi. Mwezi wa Ramadhani wao huhamia usiku, baada ya tarawehe, na hapo taa ndizo zinazoamua nani acheze.

Kisiwa kidogo, foleni ndefu

Muda huo mfupi ndio chanzo cha mzozo. Kati ya alasiri na adhana ya magharibi kuna saa mbili na ushei. Katika saa hizo hizo, kila mtu anautaka uwanja mmoja.

Hesabu ya ardhi haina huruma. Sensa ya 2019 iliwakuta watu 154,171 katika Mvita, kaunti ndogo inayobeba kisiwa cha Mombasa. Kisiwa chenyewe ni takriban kilomita 14 za mraba. Ni zaidi ya watu 10,000 katika kila kilomita ya mraba, pamoja na bandari, soko, ofisi, shule, misikiti, makanisa na makaburi. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, hauguswi kiholela. Na Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2011. Hakuna nyumba itakayobomolewa huko ili kupatikane goli. Uwanja lazima utoke kwingine.

Kwingine ni wapi? Uwanja wa Manispaa, uliokuwa moyo wa kandanda ya Pwani, ulibomolewa ili ujengwe upya wakati wa utawala wa gavana Hassan Joho, na ujenzi ukakawia mwaka baada ya mwaka. Timu zilizokuwa zikicheza pale zikasambaa, zikaja kugombea viwanja vidogo vilivyobaki. Bustani ya Mama Ngina ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa Oktoba 2019 kwa sherehe za Mashujaa; ni mahali pazuri pa kutembea chini ya mibuyu ukipigwa na upepo wa bahari, lakini haikujengwa kwa ajili ya mechi.

Viwanja vya shule vipo, ila milango yake iko chini ya walimu wakuu. Nao wana hofu za haki: nani atalipa dirisha likivunjika, nani atafunga lango usiku, nani ataulizwa mtoto akiumia?

Kisha kuna viwanja vya nyasi bandia vya kulipia, vilivyoenea mjini kama ilivyo Nairobi na Dar es Salaam. Vina wavu, taa, sakafu isiyo na mashimo. Wazee kumi au kumi na wawili huchanga, wakakodi kwa saa. Kwa mwenye mshahara, ni suluhisho zuri sana, na wenye viwanja hivyo wanastahili pongezi kwa kuwekeza mahali ambapo umma ulichelewa. Lakini hamali wa Marikiti, mvuvi, dereva wa tuktuk na mlinzi wa usiku nao wana miaka 45, na presha haiulizi mtu anafanya kazi gani. Mchango wa kila wiki unapotakiwa, wao ndio wa kwanza kubaki barazani.

Nani apishe?

Makocha wa vijana wana hoja nzito. Mtoto wa miaka 14 ana dirisha fupi la kukua. Akikosa mazoezi miaka mitatu, ndoto yake imekwisha. Mtaani kuna dawa za kulevya zinazomngoja, na Mombasa imezika vijana wa kutosha kulijua hilo. Kwa nini awapishe watu wanaocheza kwa kujifurahisha?

Wazee nao hujibu kwamba wao ndio waliosafisha uwanja huo na kuulinda usimegwe. Hilo si dogo. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma, viwanja vya michezo vikiwemo, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria nchini Kenya. Na Januari 2015 nchi nzima iliwaona wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata, Nairobi, wakipigwa mabomu ya machozi kwa kudai uwanja wao uliozungushiwa ukuta. Uwanja unaochezewa kila jioni na watu wazima wenye sauti mjini ni mgumu kunyakuliwa kuliko uliolala kimya.

Pande zote mbili zina haki, na ndiyo sababu ugomvi huu hautamalizwa na wao wenyewe. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka viwanja na vifaa vya michezo mikononi mwa serikali za kaunti. Jedwali hilohilo lilizipa pia huduma za afya za kaunti. Meza inayolipia dawa za presha na vitanda vya wagonjwa wa kiharusi ndiyo meza inayomiliki viwanja. Kuendelea kuviona viwanja kama anasa ya vijana na afya kama kazi ya hospitali ni kuulipia ugonjwa mara mbili.

Kinachohitajika kwanza hakina gharama ya uwanja mpya. Ratiba iliyoandikwa na kubandikwa langoni, vijana wakipewa siku zao na watu wazima siku mbili zao, ingemaliza nusu ya makelele. Taa katika viwanja viwili au vitatu vya umma zingeziongeza saa hizo mbili zikawa nne, mwaka mzima na si Ramadhani pekee. Na makubaliano na shule, kaunti ikibeba bima na mlinzi, yangefungua malango ambayo sasa hufungwa mwanafunzi wa mwisho anapotoka.

Sheria za wazee

Ndani ya uwanja nako kuna kazi. Mechi ya wazee huharibika kwa urahisi: kuna aliyewahi kucheza ligi na hajasahau, kuna mgeni wa mpira anayetaka tu kupunguza tumbo, na kuna mpwa wa miaka 19 aliyeitwa kujaza nafasi ambaye ghafla ndiye anayecheza peke yake.

Vikundi vinavyodumu vina sheria zao, ziwe zimeandikwa au hazikuandikwa. Hakuna kuteleza kwa miguu kumwondoa mtu. Kubadilishana wachezaji ni wakati wowote, anayechoka anatoka na kurudi bila aibu. Uwanja hupunguzwa, watu watano au saba kila upande, ili kila mtu aguse mpira. Vijana wa kujaza nafasi hugawanywa sawa kwa timu zote mbili. Kuna mzee mmoja anayeheshimiwa ambaye neno lake kuhusu penalti halirudiwi.

Kwa wenye magoti yaliyochakaa kabisa, Uingereza ilikuja na njia nyingine mwaka 2011 katika mji wa Chesterfield: mpira wa kutembea. Ukikimbia, umefanya kosa. Mpira haupiti usawa wa kichwa, na kukumbana miili hakuruhusiwi. Waliozoea kudharau hubadilisha mawazo dakika ya kumi, wanapogundua kwamba bila mbio kinachobaki ni akili na mguso, vitu viwili ambavyo watu wa vichochoroni hawakuwahi kuvikosa. Kwa nini babu wa miaka 68 wa Mkanyageni, aliyeshuhudia enzi za Feisal, asipewe pasi tena?

Na kina mama?

Mpaka hapa makala hii imewazungumzia wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaoonekana viwanjani. Ila kuna utafiti mwingine mzito kuhusu presha na mpira ambao haukuwahusu wao.

Ulifanyika visiwa vya Faroe, katika bahari ya Atlantiki ya Kaskazini, mahali pa wavuvi na miji midogo ambako kila mtu anamjua mwenziwe. Wanawake wa miaka 35 hadi 50, wenye presha iliyopanda kiasi na wasio na mazoea ya mazoezi, walicheza mpira mara tatu kwa wiki kwa majuma 15. Matokeo yalichapishwa 2014: namba ya juu ya presha yao ilishuka kwa wastani wa 12, na ya chini kwa 6. Kuna dawa za presha ambazo zingejivunia namba hizo.

> Wanawake wa Faroe walicheza majuma 15. Namba ya juu ya presha yao ilishuka kwa 12.

Pwani ya Kenya haijalala upande huu. Shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiwachezesha wasichana Kilifi tangu 2001, na hapa Mombasa timu ya Mombasa Olympic imewapeleka wanawake katika ligi ya kitaifa. Hijabu si kizuizi cha sheria tena, kwani bodi inayotunga sheria za kandanda iliiruhusu rasmi mwaka 2014. Ila wasichana hao wakishaolewa na kuzaa, mlango hufungwa. Kaka wa mmoja wao anaweza kurudi Serani akiwa na miaka 42. Dada huyo atarudi wapi?

Wanawake wengi wa Mji wa Kale hawatacheza mbele ya barabara, macho ya wapita njia yakiwa juu yao, na hakuna sababu ya kuwalazimisha wachague kati ya stara na afya. Wanachohitaji ni ukuta, lango linalofungwa, saa inayojulikana na mkufunzi mwanamke. Kisiwa hiki kina shule za wasichana zenye nyua zilizozungukwa na ukuta, na jioni nyingi nyua hizo hubaki tupu. Mpira mmoja, vizibao vya rangi mbili, mashine ya kupimia presha ya muuguzi wa kituo cha jirani, na siku tatu kwa wiki kati ya alasiri na magharibi: hicho ndicho kipimo cha Faroe, na ombi la kukianza linaweza kupelekwa kwa mwalimu mkuu na ofisi ya afya ya kaunti Jumatatu hii.